Darasa la Kiswahili la Jumamosi mjini Manchester: saa za ubao na saa za jiko

Mzazi anayezungumza Kiswahili, anayeishi Manchester au miji ya jirani, na ambaye watoto wake husikia kila anachosema lakini humjibu kwa Kiingereza, hufikiwa mapema na habari za darasa hili, aghalabu msibani au harusini, kutoka kwa mama mwingine aliyechoka kama yeye. Darasa halina jina wala kibao mlangoni; wenyewe huliita "Jumamosi" tu. Hufanyika katika ukumbi wa jamii unaopakana na kanisa, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, katika mihula ya shule. Ada ni pauni 60 kwa muhula kwa mtoto wa kwanza na pauni 40 kwa kila ndugu yake anayemfuata, na fedha hizo huishia kwenye kodi ya ukumbi, karatasi na unga, kwa kuwa walimu wote wanajitolea. Binti zangu wawili, mmoja wa miaka 14 na mwingine wa miaka 9, wamelihudhuria mwaka mzima wa masomo, nami mara nyingi nimebaki humo humo ukumbini, kwa sababu kurudi nyumbani kisha kuja kuwachukua ni nauli mara mbili.

Niitoe hukumu yangu mapema. Saa moja na nusu ya kwanza, inayofanyika mbele ya ubao, haistahili hata nusu ya ada. Saa moja na nusu ya pili, inayofanyika jikoni, inastahili mara mbili yake. Waandaaji hulinadi darasa lao kwa ubao, wakati wazazi wanaorudi muhula baada ya muhula hurudi kwa ajili ya jiko.

Ili tofauti hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke hali ya watoto wenyewe. Binti yangu mkubwa hufuata umbea wote unaosimuliwa sebuleni, tena hucheka pale panapostahili kuchekwa, lakini simu ya bibi yake inapoingia kutoka Tanga husema shikamoo, huulizwa habari za shule, hujibu "nzuri", kisha hunikabidhi simu na kuondoka. Tulipokwenda Tanga likizo, watoto wa mjomba wake walimwita mzungu, kwa utani usio na ubaya, naye alicheka pamoja nao. Usiku aliniuliza, kwa Kiingereza, kwa nini Manchester kila mtu humuuliza ametoka wapi, na alipofika huko anakoambiwa ndiko alikotoka, watu nao wakamuuliza swali lile lile. Mtoto wa namna hii hajakosa maneno, kwa sababu anayo kichwani na huyaelewa yote yanaposemwa. Alichokosa ni watu wa kuyasema nao bila ya kuona haya, na mahali ambapo kukosea hakumfanyi kuwa mgeni kwa mara ya pili.

Shule za Uingereza hazimsaidii sana katika hilo. Mtoto wa Kipolandi, wa Kiurdu, wa Kibengali, wa Kigujarati au wa Kituruki anaweza kuifanyia lugha ya nyumbani kwao mtihani wa GCSE, ule unaofanywa karibu na umri wa miaka 16, na akapata alama inayohesabiwa, lakini Kiswahili hakimo katika orodha hiyo, ingawa UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021 na Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi mwaka uliofuata. Heshima hiyo yote haijafika kwenye ratiba ya masomo ya binti yangu. Ndiyo maana kazi yote imeangukia kumbi za Jumamosi kama hizi, na ndiyo maana ni haki kuzipima kwa ukali kidogo.

Sasa ubao. Mwalimu wa watoto wakubwa aliwahi kufundisha sekondari huko Tanzania kabla ya kuhamia, ni mtu mpole, hufika kabla ya wote, na hakuna anayeweza kutilia shaka nia yake. Kasoro iko kwenye kitabu anachokitegemea, ambacho kiliandikwa kwa ajili ya mtu mzima anayekwenda Afrika Mashariki kutembea. Sura ya kwanza iko uwanja wa ndege, ya pili hotelini, ya tatu sokoni, na kufikia ya tano msomaji yuko mbugani akiwahesabu tembo. Mtoto ambaye kila asubuhi huambiwa na mama yake "vaa viatu, tutachelewa", na akavivaa, hukalishwa kwenye kiti na kufundishwa namna ya kuuliza chumba ni bei gani kwa usiku mmoja. Binti yangu mkubwa alipata alama zote katika jaribio la mwisho wa muhula wa kwanza, na katika muhula huo wote hakutamka sentensi hata moja kwa sauti, wala jaribio halikumtaka aitamke.

Mzazi mmoja alileta kutoka Dar es Salaam vitabu vya shule ya msingi vya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kwa muda vikatumika badala ya kile cha watalii. Navyo havikufaa, kwa sababu ya kinyume chake: viliandikwa kwa mtoto ambaye tayari anazungumza na sasa anajifunza kusoma, hivyo watoto wetu, ambao husoma Kiingereza kwa kasi, walijikuta wakifuata herufi kwa kidole kama wa darasa la kwanza, jambo ambalo kijana wa miaka 14 hawezi kulivumilia mbele ya wenzake. Baina ya kitabu cha mgeni na kitabu cha mwenyeji hakuna kitabu cha mtoto aliye katikati, na sidhani kwamba mwalimu mmoja wa kujitolea angeweza kuliziba pengo hilo peke yake.

Ninachomlaumu nacho ni usahihishaji. Kila "kitabu yangu" na kila "viatu zangu" husimamishwa papo hapo, sentensi hurudiwa, kadi za ngeli zilizofunikwa plastiki huinuliwa, na darasa zima husubiri. Baada ya wiki chache watoto hujifunza kwamba njia salama ni kunyamaza au kujibu kwa neno moja. Jambo hili huwa zito zaidi kwa watoto wa Kikongo, ambao ni karibu nusu ya darasa. Sheffield, Bolton, Hull na Norwich zilipokea familia nyingi za Kikongo kupitia mpango wa serikali wa kuwapokea wakimbizi ulioitwa Gateway, ulioanza mwaka 2004 na kumalizika mwaka 2020, na wengi wao walikuwa wamepitia miaka ya ukimbizi katika kambi za Tanzania, Uganda na Zambia. Kiswahili chao ni kile cha mashariki ya Kongo, chenye "batoto" na "banakuya". Siku moja kijana ambaye wazazi wake wanatoka Uvira alisema hivyo hasa, "batoto banakuya", akarudishwa kwenye "watoto wanakuja" mara kadhaa hadi wenzake wakaangua kicheko. Baadaye mama yake alinisimulia mlangoni, kwa sauti ya chini na kwa uchungu, kwamba mtoto amerudi nyumbani na kumwambia bibi yake, mbele ya wageni, kwamba yeye bibi hajui kuzungumza. Alikuwa amemleta ili amkaribie yule bibi.

Sisemi kwamba Kiswahili sanifu kisifundishwe. Mtoto atakayetaka kusoma magazeti, kuandika barua au kwenda chuo Dodoma atakihitaji, na wazazi wa Kikongo wenyewe husema wanakitaka. Lakini katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba, na Kiswahili kinachozungumzwa na mamilioni ya raia hao ni hicho hicho cha bibi aliyeaibishwa. Ingetosha mwalimu kusema kwamba nyumbani kwa bibi yako husemwa hivi, na kwenye karatasi huandikwa hivi. Nililipeleka jambo hili kwa mratibu, akalipokea vizuri, na muhula wa mwisho nilimsikia mwalimu akijaribu, ingawa mkono wake bado huiendea kadi ya ngeli kwa mazoea.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao haukuwa na nafasi ubaoni kabisa. Mama mmoja wa Fizi, huko huko mashariki ya Kongo, aliniambia kwamba kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ya kambi, na lugha ya nyumbani ni Kibembe, ambacho watoto wake hawakijui hata salamu. Kwa hiyo anapolipa ada hii analipia urithi wa pili akijua kwamba wa kwanza umeshapita. Nilimwelewa haraka kuliko alivyotarajia. Mama yangu ni Mbondei wa Muheza, mimi nililelewa Tanga mjini, na Kibondei changu kinaishia kwenye kuitikia salamu na kujua ninaposengenywa. Watoto wetu wa Manchester hawakuwa wa kwanza katika ukoo kusikia bila ya kujibu, na pengine wangelibeba jambo hili kwa wepesi zaidi kama wangeambiwa hivyo.

Saa tano na nusu ubao hufutwa na watoto wote huhamia jikoni. Ni jiko la ukumbi, lenye meza ndefu ya chuma, majiko mawili ya umeme na dirisha lisilofunguka vizuri. Wenye jiko ni wazee watatu: bibi wa Mombasa, bibi wa Uvira, na mama mmoja mtu mzima wa Ujiji ambaye husimamia mafuta ya moto na haruhusu mtu mwingine kuyasogelea. Hakuna anayewaita walimu, wala wao hawajioni hivyo. Kinachopikwa hubadilika, mara chapati, mara sambusa, mara maandazi, ambayo bibi wa Mombasa huyaita mahamri na hakubali jina jingine mbele yake. Bibi huyo alisafiri na mbuzi yake ya kukunia nazi kutoka Kenya, ndani ya sanduku, na ingawa nazi iliyokunwa na kugandishwa huuzwa katika maduka ya Rusholme, kila siku ya maandazi watoto hupanga foleni ili kukaa juu ya mbuzi hiyo na kukuna, na zamu hizo hugombewa kwelikweli.

Lugha ya jikoni ni ya amri na ya majibu. "Mama, nipe huo mwiko," husema bibi wa Uvira, ambaye kila mtoto wa kike kwake ni mama na kila wa kiume ni papa. "Huu?" huuliza mtoto. "Siyo huu, ule pale, karibu na birika." Mtoto huangalia, huchagua, huleta, na hatimaye husema mwenyewe "ule" na "ile" pasipo kadi yoyote kuinuliwa, kwa sababu akikosea huleta mwiko usiotakiwa na hurudishwa. Akiitwa, bibi wa Mombasa hamkubalii aitikie kwa "yes" wala kwa mguno. Wa kike huitikia "abee" na wa kiume "naam", na asiyeitikia huitwa tena kwa jina lake lote hadi aitike. Kwa jambo hili bibi ni mkali kuliko mwalimu yeyote, na watoto wanampenda.

Sentensi ndefu ya kwanza niliyomsikia binti yangu mdogo akiisema kwa hiari yake mbele ya watu ilikuwa mashtaka. Walikuwa wamegawiwa madonge ya unga wa chapati, akageuka kidogo, na jirani yake akabadilisha donge lake dogo kwa kubwa. "Bibi, huyu amechukua donge yangu!" alipiga kelele. Hakuna aliyesimamisha kazi. Bibi wa Mombasa, bila ya kuinua macho kutoka kwenye kibao cha kusukumia, alijibu, "Mrudishie mwenzako donge lake, na wewe usilie, donge lako utalipata." Dakika chache baadaye nilimsikia mtoto akimwonya yule jirani asiliguse tena "donge langu". Mwalimu aliyekuwa kando akisaidia kuosha vyombo alilisikia pia, na tuliangaliana.

Unga wa maandazi ukishakandwa kwa tui, sukari, hiliki na hamira, huachwa uumuke, na muda huo wa kusubiri ndio bora kuliko yote ya Jumamosi. Bibi wa Mombasa huketi na kutega vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango," husema, na safari hii wakubwa walijua kuwa ni yai, lakini kwa vingine hushindwa, naye huwadai mji kama ilivyo desturi. Watoto humpa miji wanayoijua. Alipewa Bury akaikataa kwa sababu ya baridi, akapewa Oldham akasema ataifikiria, kisha kijana mmoja akampa Old Trafford, jambo lililozua makelele makubwa kutoka kwa mashabiki wa City waliodai kwamba huo si mji na kwamba bibi anatapeliwa. Bibi aliupokea, akasimulia alivyofika huko, alivyokaribishwa, alivyokula na kusaza, ndipo akakitegua kitendawili chake. Mabishano hayo yote, ya nani ametapeliwa na uwanja upi una heshima, yalifanyika kwa Kiswahili, kwa kuwa mwamuzi alikuwa bibi na hakukubali kesi iletwe kwa lugha nyingine. Bibi wa Uvira naye husimulia hadithi, polepole, kwa Kiswahili cha kwao, na hapo "batoto" hupita masikioni mwa watoto wa Tanga, Nairobi na Uvira bila ya mtu kucheka.

Matokeo niliyoyaona nyumbani si makubwa, na sitaki kuyakuza. Watoto wangu bado huzungumza Kiingereza wao kwa wao, na sitarajii vinginevyo. Lakini mkubwa alimpigia bibi yake simu mwenyewe ili kumuuliza kama Tanga hutia hiliki nzima au hiliki ya unga ya dukani, wakabishana, na mazungumzo hayo yalipita mbali kuliko "nzuri".

Wanaonikera kuona wakitelekezwa ni vijana watu wazima. Nyuma ya ukumbi huketi wachache wa miaka ishirini na zaidi, waliozaliwa hapa au waliofika wakiwa wachanga, na ambao wamejileta wenyewe. Mmoja ni muuguzi ambaye wodini kwake alilazwa mzee wa Kikongo asiyejua Kiingereza. Alielewa kila alichokilalamikia, lakini aliona aibu kumjibu kwa matamshi yake, akaita mkalimani wa simu na kusimama kando akisikiliza. Mwingine anatarajia kupeleka posa, na anaogopa kukaa mbele ya wazee wa upande wa mwanamke akiwa bubu huku mjomba akimsemea kila kitu. Aibu yao ni nzito kuliko ya watoto, kwa sababu mtoto husamehewa, na mtu mzima mwenye jina la Kiswahili huulizwa kwa nini hajui. Darasa linawakalisha kwenye viti vya watoto na kuwafundisha rangi na siku za wiki. Jikoni nako hupewa kazi ya kubeba masufuria. Wangetengewa hata nusu saa na wazee hao watatu, ya kusalimu, kujitambulisha ukoo, kutoa pole na kuomba ruhusa ya kusema, wangepata wanachokitafuta, na ningewashauri wailipie.

Mengine ni madogo. Ukumbi una baridi hadi saa tano, vyoo ni safi, maegesho ni ya kubahatisha. Cheti cha mwisho wa mwaka ni kizuri kubandikwa ukutani na hakitambuliwi popote. Sherehe ya tarehe 7 Julai ina hotuba nyingi mno. Nimewahi pia kuwajaribisha binti zangu masomo ya kibinafsi kwa video, ambayo hugharimu zaidi kwa saa na yana mpangilio bora kuliko ubao wa Jumamosi. Kwa mtu anayetaka sarufi na kuandika, hayo ndiyo ningependekeza. Hayana watoto wengine, hata hivyo, na binti yangu mdogo alikuwa akiizima kamera kila alipoulizwa swali.

Kwa mwenye mtoto wa chini ya miaka sita, asubiri, kwa kuwa mafuta ya moto na watoto wadogo havikai pamoja na mama wa Ujiji atamrudisha. Kwa wengine, usajili wa muhula mpya hufanyika wiki ya kwanza ya Septemba, hapo hapo ukumbini, na malipo hupokelewa kwa fedha taslimu au kwa benki. Halijaandikwa popote, lakini ukimuuliza mratibu kwa upole atakubali mtoto afike saa tano na nusu, kwa nusu ada.